Treni ya Beni

Aliyeongeza sauti Jumamosi ile alikuwa Katungu. Hilo ulijue mapema, wewe unayesoma, kwa sababu wengine wote waliokutwa na kisa hiki hawakulijua, isipokuwa mume wake. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, saa tisa za mchana, wateja wachache, mandazi yanapoa kwenye beseni. Ile bafle, kisanduku kikubwa cha sauti kinachowekwa nje ya mlango wa sinema ili kuita watu, ilikuwa inanong'ona tu. Katungu akainuka kwenye kibao chake, akaigeuza ielekee sokoni, akazungusha kifungo mpaka mwisho. Kisha akarudi kwenye mafuta yake.

Ndani, mume wake Maliro alikuwa kazini, na kazi ya Maliro ilikuwa kusema filamu. Filamu zinazofika Butembo zinaongea lugha za kwao, na mtu aliyeshinda akiuza maharage hana nafasi ya kujifunza lugha za watu ndipo acheke. Basi Maliro alisimama kando ya ukuta uliopakwa chokaa, mikro, yaani kipaza sauti, mkononi, akawasemea wote: wanaume, wanawake, mbwa, hata mvua. Sauti ya filamu yenyewe ilifungwa kabisa. Tena kila mji wa kwenye filamu aliupa jina la huku kwetu. Paris ikawa Goma, bahari ikawa ziwa, na polisi wote, hata wale wenye nywele za manjano, walikuwa wamezaliwa Kinshasa. Watu walitaka hivyo. Msemaji mwingine alijaribu siku moja kutafsiri sawasawa, neno kwa neno, wakamzomea wakadai pesa yao.

Filamu ya siku ile ilikuwa ya zamani sana, haina rangi, wanaume wote wamevaa kofia, lugha yao hata mapadre hawakuitambua. Mtu mbaya ameficha bomu ndani ya treni, na fundi mmoja mwembamba mwenye masharubu analitafuta ili akate waya kabla treni haijafika mjini. Ndiyo hiyo tu. Hakuna mtu wa Butembo aliyewahi kupanda treni kwao, maana hatuna hata reli ya kuanikia nguo, lakini filamu ile ilipendwa kupita zote. Maliro aliibatiza Treni ya Beni. Inatoka Eringeti, inapita Beni, inasimama Kalunguta kupakia makaa, na bomu limepangwa kupasuka Butembo.

Katungu aliijua yote kwa kichwa. Miaka sita alikuwa ameisikia akiwa pale mlangoni, anageuza mandazi, midomo yake ikifuatisha ya mume wake. Kuiona hakuwahi. Nani angebaki na mafuta ya moto yeye akiingia ndani kutazama ukuta?

Alikuwa anatoa mandazi ya pili Maliro alipofika mahali pa waya. Sauti ikatoka kwenye bafle, ikapita juu ya vibanda vyote vya soko.

"Batu ba soko ya Butembo, bomu iko nakuya! Imebakia dakika tatu! Iko mu kikapo, chini ya viazi, na mwenye kikapo hajue! Kimbieni, bamama, kimbieni!"

Ndani ya sinema watu walicheka kwa raha. Nje, soko lote lilisimama.

Lazima uelewe jinsi tulivyokuwa tunaishi. Tangu mambo ya Beni, waasi na mabomu yao, kila mtu alitembea na bomu kichwani. Mlangoni mwa kanisa walipapasa mikoba ya akina mama. Sokoni mlinzi alichoma vikapu kwa kijiti. Mtu akisahau mfuko wake kwenye benchi, benchi zima linahama. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza ni nani anayesema, wala anasema kutoka wapi. Wauza viazi walikuwa upande wa chini, penye kichochoro kimoja chembamba kati ya kuta mbili, na matope ya mvua bado ni mabichi. Wote walikimbilia kichochoro hicho, kinachotokea mlangoni mwa sinema; ilikuwa kazi ya dakika mbili. Katungu aliona miguu tu. Beseni lake lilipinduliwa, karai la mafuta likamwagika, na yeye mwenyewe akajibana kwenye ukuta na mikono kichwani.

Watu walipokwisha kupita, mwanamke mmoja alibaki kwenye matope. Alikuwa amelala kifudifudi, ameegemea viwiko vyake, na kati ya viwiko kulikuwa na mtoto mchanga anayelia kwa nguvu zake zote. Mwanamke aliitwa Marie-Jeanne, muuza viazi wa Musienene. Hakuinuka tena. Na kwenye bafle Maliro alikuwa bado anasema, treni ilikuwa bado inakuja.

Askari walimkamata Maliro kabla watu hawajamfikia, na kama kuna bahati katika habari hii, ni hiyo. Watu walipomkosa walivunja sinema: viti, mashine, jenereta, hata ule ukuta wa chokaa waliupiga mawe.

Jumapili, Jumatatu na Jumanne Katungu alipeleka chakula cachot, mahabusu ya askari. Askari wa mlangoni alimvua kitambaa cha kichwa, akakikung'uta, akachovya kijiti ndani ya bugali, akakoroga sombe, mboga ya majani ya muhogo, mpaka ikawa uji. Kisha akasema, "Onja."

Katungu akaonja.

"Tena. Na ku nyama."

Akaonja nyama.

"Tena."

Watu wa foleni walikuwa wanatazama. Katungu alikula chakula cha mume wake amesimama, bila kitambaa kichwani, akimeza bila kutafuna, mpaka sahani ikafika nusu. Hapo ndipo askari akaridhika kwamba hakuna sumu wala bomu. Katungu alitaka ardhi immeze.

Jumanne ile inspekta Bertrand alimwita ofisini. Alikuwa mtu wa mkoa mwingine, miaka miwili tu Butembo, Kiswahili chake kimejaa Lingala, uso wake umechoka. Hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti.

"Mama, bwana yako alijua je kama bomu iko mu kikapo?"

"Haikukuwa bomu, chef. Ilikuwa filamu."

"Filamu gani? Batu makumi mbili banasema ile ile neno: soko ya Butembo. Nionyeshe filamu ya Bazungu yenye kujua soko ya Butembo."

"Ni kazi yake. Anatiaka majina ya huku."

"Sasa ile filamu iko wapi?"

Katungu hakujua. Bertrand akafungua faili, akamgeuzia aone, kana kwamba Katungu angeweza kusoma mwandiko ule. "Unaona hapa? Batu banasema alikuwa anatumika na baasi. Alipiga kelele ya bomu kusudi soko ikimbie, benzake baibe, bauwe. Miye siku ya ine ninamutuma Beni, mu tribunal ya jeshi. Akifika na hii neno, complice, mwenzi ya baasi, unajua kitamupata nini. Donc, lete filamu. Bila filamu, miye hapana weza kitu."

Alimruhusu amwone mume wake dakika mbili. Maliro alikuwa na jicho moja limevimba. Alishika nondo za dirisha, na Katungu akasogeza mdomo karibu.

"Nitamwambia chef, baba Bénie. Nitamwambia ni miye niliongeza bafle."

"Nyamaza."

"Mais ni kweli. Wewe hukujua inalia mupaka wapi."

"Ni mukono yako iliuwa ama ni mudomo yangu?" Maliro alisema polepole. "Bénie iko na myaka kenda. Tukiingia siye babili, nani atamupikia? Nani atamusuka nywele? Nyamaza, Katungu. Hii neno isitoke mu hii dirisha."

Katungu alilia. Alilia kwa aibu, kwa sababu moyo wake, aliposikia neno nyamaza, ulikuwa umetulia kidogo.

Mwenye sinema alikuwa Phinées, na tangu Jumamosi nyumba yake ilikuwa imefungwa madirisha yote. Katungu alibisha.

"Phinées alisafiri," sauti ikajibu kutoka ndani. "Iko Kampala."

"Papa Phinées, ninakujua sauti."

"Uko peke yako?"

"Niko peke yangu."

Mlango ukafunguka kiasi cha mtu mmoja kupita kwa ubavu. Phinées alikuwa amenyoa ndevu zake ili asijulikane, na kila mtu wa mtaani alikuwa amekwisha kumwambia kwamba amependeza. Aliapa kwanza kwamba hana kitu, kwamba yote yalivunjwa, kwamba yeye mwenyewe ni marehemu anayetembea. Katungu alikaa chini sakafuni, akasema hatoki. Baada ya muda Phinées akaenda chumbani akarudi na diski imefungwa ndani ya soksi. Alikuwa ameichomoa kwenye mashine alipokuwa anakimbia, sijui kwa nini. Mkono wa mfanyabiashara unajua kushika.

"Tuiangalie," Katungu alisema. "Nijue ninachopeleka."

Waliiweka kwenye televisheni ya sebuleni, sauti chini. Ndiyo mara ya kwanza Katungu kuwaona wale watu. Fundi mwembamba alikuwa mzee kuliko alivyomfikiria. Yule mama wa treni, ambaye Maliro alimsemea kwa sauti nyembamba ya kuomba chumvi, alikuwa mrefu mzuri wa sura, hacheki. Na walikuwa na sauti zao wenyewe, nzito, za taratibu. Katungu alijisikia kama mtu aliyeingia nyumbani kwa wageni bila hodi.

Wakafika mahali pa waya. Fundi akapiga magoti, akafungua sanduku dogo la ngozi. Saa ikalia ndani yake: ti, ti, ti. Katungu akangoja maneno.

Hakuna aliyesema kitu. Fundi alishika mkasi, jasho linamtoka. Abiria walimtazama. Treni ilikwenda. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakuna kinywa kilichofunguka.

"Kikapo iko wapi?" Katungu aliuliza.

"Hakuna kikapo, mama."

"Na viazi?"

"Mama Bénie, hakuna viazi. Ni sanduku. Haikukuwaka kikapo hata siku moja." Phinées alijikuna kidevu kitupu. "Pale bananyamazaka. Sasa msemaji atafanya nini? Akinyamaza dakika ine, batu banasema mashine imeharibika, banataka pesa yao. Njo akatiaka viazi."

Waliiangalia mpaka mwisho. Kisha Phinées akaitoa diski.

"Miye nasema tutupe hii kitu mu choo. Ukipeleka, bataona kama filamu haikusema soko, haikusema kikapo. Bataona maneno yote yalitoka mu kichwa ya Maliro. Ikipotea, ni neno yao na neno yetu."

"Na Beni bataandika ni muasi."

"Labda hawataandika."

"Papa Phinées, labda yako itamuuwa."

Aliinyoosha mikono yake miwili, kama mtu anayepokea komunyo, na Phinées akamwekea diski juu yake. Katungu aliitia ndani ya nguo, kifuani, akatoka. Njiani kila hatua aliisikia ikimkwaruza ngozi. Alijua amebeba nini. Ile diski ingemwokoa mume wake na kifo, na siku hiyo hiyo ingemfunga.

Inspekta Bertrand aliitazama filamu yote ofisini, mlango wazi, askari watatu wamesimama nyuma yake. Ilipokwisha alichukua kalamu, akafuta mstari mmoja kwenye faili, akaandika mwingine.

"Ile ya baasi nimefuta," alimwambia Katungu. "Mungu iko. Mais mama Marie-Jeanne alikufa, na ile siwezi kufuta. Beni atakwenda tu."

Maliro alikaa gereza la Beni miezi mitano. Katungu alikwenda kila alipopata nafasi kwenye magari yanayosindikizwa na askari, na Bénie alibaki kwa jirani. Parokia iliwapatia wakili mmoja, Josaphat, ndiyo kwanza anaanza kazi, koti lake limemzidi mikono. Huyu Josaphat alikuwa na akili. Wiki ya hukumu alimkalisha Katungu kwenye benchi nje ya gereza akamweleza.

"Mama, nimeomba tribunal ituonyeshe filamu, na Maliro aiseme mbele yao, na mikro, kama vile anafanyaka. Bamekubali."

"Juu ya nini?"

"Juu bale majuge bamesoma tu karatasi. Ku karatasi iko mutu alipiga kelele ya bomu. Bakimusikia kwa masikio yao, na Kalunguta, na makaa, na polisi ba Kinshasa, batacheka. Jaji akicheka, ataelewa kama ni muchezo, ni mazoea ya kazi. Miezi aliyokaa itatosha, atarudia kwako siku ile ile. Lakini aseme yote, hata pale pa waya. Na kikapo, na viazi, na soko. Asipitishe hata neno moja. Akisita pale, bataona mutu mwenye kujua alikosa."

"Na bwana ya marehemu atakuwa pale?"

Josaphat akatazama viatu vyake. "Atakuwa."

Katungu alimpelekea Maliro ujumbe ule neno kwa neno. Maliro alikuwa amekonda, shingo imekuwa ndefu. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kukubali. "Nitasema," alisema. "Miye ninajua hii filamu kupita sala." Katungu akaenda kulala kwa binamu yake akiwa na tumaini. Alikuwa amekwisha kuwaza atampikia nini.

Chumba cha hukumu kilikuwa kimefungwa pazia, shuka jeupe limetundikwa ukutani. Meja Antoinette, aliyekuwa anaongoza, alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa mbali, miwani imening'inia kifuani. Watu walijaa hadi dirishani; wengi, niseme kweli, walikuja kuona sinema ya bure.

Mstari wa mbele alikaa Kambere, mume wa Marie-Jeanne. Alikuwa amevaa koti la harusi, na mgongoni, juu ya koti, alikuwa amefunga mtoto kwa kitenge cha kike. Watu walimtazama wakapeana viwiko, maana mwanaume wa huku hafungi mtoto mgongoni. Askari mmoja alicheka waziwazi. Kambere hakugeuka.

Meja aliuliza maswali ya kwanza. Jina, umri, kazi. Kisha akauliza, "Nani aliongeza ile sauti ya inje?"

Katungu akainama.

"Ni miye," Maliro alisema.

"Wewe ulikuwa ndani na mikro. Uliongeza saa ngapi?"

"Mbele ya kuanza, mama président. Niliigeuza ku soko, nikaongeza mupaka mwisho. Nilitaka batu."

Meja aliandika. Katungu alitazama mikono yake mwenyewe, yenye makovu madogo ya mafuta, akaificha ndani ya kitenge. Hakusimama. Alitaka kusimama na hakusimama.

Filamu ikaanza. Walimpa Maliro mikro, na mwanzoni sauti ilitoka imekwaruza, ya mtu aliyesahau kuongea. Lakini treni ilipotoa moshi wa kwanza, kitu kikamrudia. "Njo treni ya Beni hii! Imetoka Eringeti tangu asubuhi, haijakula! Dereva ni mutoto ya Lubero, bibi yake amemukataza kazi!" Watu wakacheka nyuma. Treni ikasimama Kalunguta, bamama wakaja na ndizi dirishani, mzee mwenye kofia akabishana bei na akashindwa. Askari wa mlangoni akaegemea bunduki yake, meno nje. Polisi wa Kinshasa akaingia, akadai karatasi za mbwa, na Meja Antoinette akaziba mdomo kwa kalamu, mabega yanamtikisika. Josaphat alimgeukia Katungu akamkonyeza. Katungu akahesabu moyoni: bado daraja, bado yule mama mrefu, halafu waya, halafu nyumbani.

Fundi akapiga magoti. Sanduku likafunguka. Ti, ti, ti.

Midomo ya Katungu ilianza yenyewe, bila sauti: batu ba soko ya Butembo. Ukutani fundi alishika mkasi. Maliro alikuwa amenyanyua mikro mpaka mdomoni, kifua kimejaa pumzi. Na pale mbele mtoto wa Kambere akaamka, akaanza kulalamika. Kambere akasimama, hakuna aliyemkataza, akaanza kuyumba kidogokidogo mahali pamoja, akimpigapiga mtoto matako kwa mkono wa nyuma, kama mama, macho yake kwenye shuka. Kivuli chake kilianguka juu ya wale abiria. Maliro alimtazama.

Pumzi ile ikatoka bure. Mikro ikashuka.

"Sema," Josaphat alinong'ona. Chumba kizima kilisikia.

Ti, ti, ti. Fundi alifuta jasho. Katungu alijua kila neno lililotakiwa, lilikuwa pale kwenye ulimi wake, angeweza kumrushia kama kamba. Alimwomba Mungu mume wake aseme. Halafu akamtazama yule mwanaume anayeyumba na mtoto, na maombi yakamkauka.

"Mushitakiwa, endelea," Meja alisema.

"Hapa hakuna neno, mama président."

"Siku ile ulisema."

"Siku ile nilisema." Maliro alikuwa bado anamtazama Kambere. "Hapa beye bananyamazaka. Filamu yenyewe njo inanyamaza. Kama na miye nilinyamaza, ule mama angeuza viazi yake, angerudia kwake. Sina neno ingine."

Josaphat akakaa. Meja Antoinette akavaa miwani yake. "Muzime," alisema. "Tumeelewa."

Wakazima. Pazia likafunguliwa, mwanga ukawaumiza watu macho, na nyuma mtu mmoja akalalamika kwamba hawakuona mwisho. Ilipofika saa nane hukumu ikasomwa: miaka mitatu, miezi aliyokaa ikihesabiwa. Josaphat alisema ingeweza kuwa kumi. Alisema pia, na sauti yake ilikuwa karibu na kulia, kwamba ingeweza kuwa sifuri.

Walimpitisha Maliro karibu na Katungu. Alikuwa mtulivu, uso umepumzika, na hilo lilimuuma Katungu kuliko pingu. "Umusalimie Bénie," alisema tu.

Katungu alikaa uani kwenye jiwe, amejifunga kitenge mpaka kidevuni. Hakuwa na nguvu ya kwenda kutafuta gari. Aliona viatu vya mwanaume vimesimama mbele yake, vimepakwa dawa, na udongo wa Musienene kwenye mishono. Akainua macho.

"Ni weye bibi yake?" Kambere aliuliza.

"Ni miye."

Alijiandaa. Kama atatema mate, ateme. Kama atapiga, apige. Alitaka apige. Alitaka kumwambia neno la bafle, akafungua mdomo. "Papa," alisema, "kuko kitu moja—"

"Ile filamu," Kambere alisema, hakuwa amemsikia. "Balizima mbele ya mwisho. Nilikuwa nataka kuuliza mu ndani, nikaogopa. Ile bomu, ilipasuka?"

Katungu alimtazama. Mtoto alikuwa amelala, shavu limelalia koti, mate yanamtoka.

"Hapana," alisema. "Hapana, papa. Alikata waya. Treni ilifika."

"Na batu?"

"Balishuka."

"Bote?"

"Bote. Niliona na macho yangu. Balishuka moja moja na bintu yao."

"Hata bamama?"

"Hata bamama."

Kambere akaitikia kwa kichwa mara mbili, taratibu, kama mtu aliyepewa habari za nyumbani. "Ni muzuri," alisema. Akakaza fundo la kitenge kifuani, akaenda barabarani kutafuta pikipiki.